Nowa Huta, Mtaa wa Chuma wa Mji wa Kraków



Mji wa Kraków, ambao kwa karne nyingi ulikuwa makao ya wafalme wa Poland, na ambao chuo chake kikuu kiliasisiwa mwaka 1364, umejengwa kando ya mto Vistula. Na mtu atokaye katikati ya mji huo akaelekea mashariki, akiuandama mto kwa mwendo wa kilomita kumi hivi, hufika mahali ambapo nyumba za kale humalizika na njia pana zenye miti pande zote mbili huanza, nazo njia hizo zote hukutana katika uwanja mmoja. Mtaa huo waitwa Nowa Huta, maana yake kiwanda kipya cha chuma, na tarikhi yake ndiyo maudhui ya mhadhara huu. Nimeuchagua kwa sababu ni taabu kuupata mtaa mwingine wa viwanda katika Ulaya ambao dola iliujenga kwa azma iliyotangazwa wazi namna ile, azma ya kumuumba mtu wa aina mpya, kisha wakazi wake wakaikataa azma hiyo kwa subira na kwa ushujaa, bila ya kuuhama mtaa wenyewe wala kuuchukia.

Yako masimulizi yaliyoenea, ambayo serikali ya wakati ule ilipenda yaenee, kwamba Nowa Huta ilizuka mahali patupu, pasipokuwa na mtu wala kumbukumbu. Masimulizi hayo hayana ukweli, na fauka ya hayo ni dhuluma kwa waliokuwapo. Palikuwa na vijiji vya Mogiła, Pleszów, Bieńczyce, Krzesławice na vinginevyo, na udongo wake mweusi ulihesabiwa miongoni mwa udongo bora wa nchi nzima, nao wakulima wake waliwalisha watu wa Kraków ngano na mboga kizazi baada ya kizazi. Hapo Mogiła palikuwa na monasteri ya watawa wa Citeaux iliyoanzishwa mwaka 1222, na si mbali nayo kilima kilichoinuliwa kwa mikono ya watu wa kale, ambacho hadithi husema kuwa ni kaburi la Wanda, binti wa mfalme Krak, aliyejitosa mtoni asije akaolewa na mwana wa mfalme wa Kijerumani na kuiingiza nchi yake vitani. Krzesławice ndiko alikokuwa na nyumba yake ya shamba Jan Matejko, mchoraji ambaye picha zake kubwa za vita na za wafalme huwafundisha Wapoland tarikhi yao hata leo. Na mafundi walipoanza kuchimba misingi ya nyumba walikuta chini ya ardhi mabaki ya makazi ya maelfu ya miaka, hata ikabidi wataalamu wa mambo ya kale wafanye kazi bega kwa bega na wapigao zege. Kwa hiyo mtu akisema kwamba Nowa Huta ni mtaa mchanga, asema kweli juu ya majengo yake tu.

Sasa tutazame sababu za kujengwa kwake. Poland ilitoka katika Vita Kuu vya Pili hali imevunjika, mji wake mkuu umekuwa kifusi, mamilioni ya watu wake wameuawa, na mipaka yake imesogezwa upande wa magharibi kwa amri ya mataifa makubwa. Katika mwaka 1947 serikali yake, chini ya shinikizo la Moscow, iliukataa msaada wa Marekani uliojulikana kwa jina la Mpango wa Marshall, na mwezi wa Januari 1948 ikatia saini mapatano na Urusi ya Kisovieti ya kupewa mkopo wa mitambo, ambamo jambo kubwa kupita yote lilikuwa kiwanda kikubwa cha feleji. Mahali pa kukiweka kiwanda hicho palifikiriwa kwanza kuwa Silesia, nchi ya makaa ya mawe, na hilo lingekuwa jambo la kawaida. Lakini mwanzo wa mwaka 1949 ikaamuliwa kiwekwe kando ya Kraków. Wahandisi walitoa hoja zao, nazo hazikuwa hoja dhaifu: maji ya Vistula yalikuwa karibu, reli ya kutoka mashariki iletayo mawe ya chuma kutoka Ukraine ilipita hapo, chuo cha elimu ya madini kilikuwapo mjini, na vijiji vya kusini mwa Poland vilikuwa na vijana wengi kupita kiasi cha mashamba yao. Lakini watu wa Kraków wenyewe walikuwa na maelezo mengine, ambayo huyarudia mpaka leo. Katika kura ya maoni ya mwaka 1946 mji wao, mji wa maprofesa, wa makasisi na wa nasaba kongwe, uliipinga serikali waziwazi. Na kwa hiyo, wasema, serikali ilikusudia kuuzingira mji huo kwa umati wa wafanyakazi waaminifu kwake. Kwa rai yangu hoja zote mbili zilikuwapo pamoja katika vichwa vya walioamua, wala hapana haja ya kuchagua moja na kuitupa ya pili, maana watawala aghalabu hufurahi wanapoona kwamba hesabu ya mhandisi na hamu ya mwanasiasa zimeelekea upande mmoja.

Wakulima wa Mogiła hawakuulizwa. Wapima ardhi walifika na vigingi vyao, na tarehe 23 Juni 1949, mazao yakiwa bado shambani, ukaanza ujenzi wa nyumba ya kwanza ya ghorofa. Fidia ilikuwa kidogo, na aliyelalamika aliitwa adui wa maendeleo. Jambo hili husemwa kwa haraka katika vitabu vingi, kisha msomaji huchukuliwa mbio kupelekwa kwenye matanuri na sanamu. Nami naona yafaa tusimame hapa kidogo. Familia iliyokuwa ikilima shamba lile lile kwa miaka mia mbili ilijikuta imepewa nafasi ya kazi ya vibarua juu ya ardhi yake yenyewe, na bibi kizee aliyekuwa akienda sokoni Kraków na mboga zake alijikuta anaishi kando ya ukuta wa kiwanda ambacho vumbi lake lingeangukia juu ya kila alichokipanda. Hao ndio waliolipa kwanza, na ndio waliotajwa mwisho.

Wajenzi walikuja kutoka pande zote za nchi, na wengi wao walikuwa vijana ambao hawajatimiza umri wa miaka ishirini na mitano. Baadhi yao waliletwa na jeshi la kazi la vijana lililoitwa Służba Polsce, yaani Utumishi kwa Poland, wakaishi kambini kwa amri na kwa tarumbeta. Wengine walikuja kwa hiari, kwa kuwa kijijini kwao ndugu saba walikuwa wanagawana shamba lisilotosha wawili. Na wengine tena walikuja ili wajifiche, kwani mahali penye maelfu ya wageni hapana aulizaye sana mtu alipigana upande gani wakati wa vita. Walilala katika vibanda vya mbao na katika mabweni ya wafanyakazi, wakatembea katika tope lililofika kwenye shingo za viatu vyao, wakanywa pombe kali, wakapigana. Na katika hao hao wengi walijifunza kusoma na kuandika usiku baada ya kazi, wakapata ufundi, wakaoana, na wakapewa nyumba yenye maji ya bomba na bafu kwa mara ya kwanza katika ukoo wao wote. Mambo haya mawili ni kweli kwa pamoja, na mwandishi anayetuonyesha moja akaficha jingine hatutendei insafu.

Serikali ilitaka mashujaa, ikawatengeneza. Mwashi mmoja, Piotr Ożański, pamoja na kikosi chake, alitangazwa kote nchini katika mwaka 1950 kwa kuwa walipanga zaidi ya matofali 30,000 katika zamu moja ya kazi, picha zikapigwa, magazeti yakamsifu, na waashi wengine wakatakiwa wamfuate, jambo lililowafanya wenziwe wengi wamwone kuwa amewaletea balaa, kwani kila rekodi mpya ilikuwa na maana ya kwamba kipimo cha kazi kitapandishwa na ujira kwa kila tofali utapungua. Mtengeneza filamu Andrzej Wajda aliichukua habari ya waashi wa namna hiyo akaifanya filamu ya Człowiek z marmuru, yaani Mtu wa Marumaru, iliyoonyeshwa mwaka 1977 baada ya kuzuiwa kwa miaka mingi tangu mswada wake ulipoandikwa. Na mtu atakaye kuelewa namna dola inavyoweza kumwinua fukara juu ya mabega yake kisha ikamtupa, hana budi aitazame.

Katika mwaka 1955 kimya kilivunjwa. Mwezi wa Agosti mshairi Adam Ważyk, ambaye hapo kwanza alikuwa miongoni mwa walinzi wakali wa itikadi ya chama tawala cha Kikomunisti, alichapisha shairi refu liitwalo Poemat dla dorosłych, yaani Utenzi kwa Watu Wazima, ambamo aliieleza hali ya vijana walioletwa Nowa Huta na upweke wao kwa maneno ambayo hapana aliyethubutu kuyachapisha kabla yake. Chama kilikasirika. Mwezi uliofuata gazeti la vijana liitwalo Sztandar Młodych likampeleka huko mwandishi wake mwenye umri wa miaka ishirini na mitatu ili achunguze, na inaaminika kwamba lilitarajia alikanushe shairi. Naye alipokaa na wafanyakazi katika mabweni yao akarudi na habari iliyothibitisha kuwa mambo yalikuwa mabaya kweli, kwamba wakubwa waliwaonea wadogo na malalamiko hayakusikilizwa. Makala yake yalipita mikononi mwa mdhibiti wa magazeti na kuzua zogo kubwa, lakini mwishowe yeye akatunukiwa nishani na baadhi ya wakubwa wa Nowa Huta wakaondolewa. Mwandishi huyo alikuwa Ryszard Kapuściński, na sisi wa pwani hii twamjua kwa njia nyingine, maana ndiye aliyekuja kukaa Dar es Salaam mwaka 1962 akiwa mwakilishi wa shirika la habari la Poland, akawaandikia watu wake habari za Tanganyika huru na, baadaye, za mapinduzi ya Zanzibar. Jicho lile lililowatazama wadogo kwanza kabla ya wakubwa lilipata mafunzo yake katika tope la Nowa Huta.

Sasa naja kwenye mtaa wenyewe, na hapa sitaficha kwamba ninaustahi sana. Msanifu mkuu Tadeusz Ptaszycki na wenziwe walitakiwa wachore mji wa watu 100,000 katika muda mfupi mno, tena katika zama ambazo msanifu aliambiwa kutoka juu jengo lake lifanane na nini; lakini walikuwa watu wenye elimu, waliisoma miji ya Italia ya karne ya 16 na bustani za Ufaransa, na walizijua fikra za wasanifu wa Uingereza na Marekani juu ya makazi ya watu wa kazi, ijapokuwa haikuwa salama kuzitaja. Wakachora uwanja mmoja wa katikati, Plac Centralny, na kutoka hapo njia kuu zikatawanyika mfano wa mbavu za kipepeo cha ukindu. Baina ya njia hizo wakaweka vitongoji, kila kimoja kikiwa na watu elfu kadhaa, na katika kila kitongoji shule, chekechea, zahanati, maduka na uwanja wa kuchezea, hata mtoto aweza kwenda shule na kurudi bila ya kuvuka barabara kubwa. Nyumba zilizo karibu na uwanja zina nguzo na matao chini yake ambamo watu hupita wasinyeshewe na mvua. Nyumba zilizo mbali ni fupi na zimezungukwa na bustani. Miti ilipandwa kwa maelfu, na waliokuwa watoto wakati wa kupandwa kwake wamezeeka chini ya kivuli chake.

Yako pia mambo ambayo hayakukamilika. Jumba la serikali ya mji lilichorwa na halikujengwa, na kadhalika ukumbi mkubwa wa tamthilia uliokusudiwa kuufunga uwanja wa kati kwa upande wa kusini. Kwa hiyo upande huo umebaki wazi mpaka leo, na mtu asimamaye hapo huiona mbuga ya majani inayoteremka kuelekea mtoni. Nadhani ukosefu huo umeufaa mtaa kuliko jengo lo lote ambalo lingejengwa. Baada ya mwaka 1956, siasa ilipolegea, wasanifu wakaruhusiwa kuacha mapambo ya kale, na ndipo Janusz na Marta Ingarden walipojenga jengo refu jepesi liitwalo Jengo la Kiswidi, ambalo madirisha yake yalikuwa kama tangazo kwamba enzi ya Stalin imekwisha. Na katika Desemba 1955 ilifunguliwa Teatr Ludowy, Tamthilia ya Watu, chini ya bibi Krystyna Skuszanka, ambaye hakukubali kuwapa wafanyakazi michezo rahisi kwa dhana ya kuwa hawataelewa mingine. Aliwaonyesha michezo mizito ya kale na ya kisasa, pamoja na mchora mandhari Józef Szajna, ambaye aliwahi kuwa mfungwa wa Auschwitz, na kwa miaka kadhaa watu wa Warszawa walipanda gari la moshi ili waje watazame mchezo katika mtaa wa wayeyusha chuma.

Kiwanda kilipewa jina la Lenin mwezi wa Januari 1954, na tanuri la kwanza likawashwa mwezi wa Julai mwaka huo. Langoni mwake yapo majengo mawili ya ofisi yenye kuta zilizochongwa juu kwa mtindo wa majumba ya Kraków ya zamani, hata watu wakayaita kwa jina la kasri la mtawala wa Venisi. Nyuma ya majengo hayo kilikuwa kiwanda chenye eneo la hekta kama 1,000, chenye reli zake, mtambo wake wa umeme na hospitali yake. Kiliajiri watu karibu 40,000 wakati wa kilele chake, na katika miaka ya mwisho ya 1970 kilitoa karibu tani milioni 7 za feleji kwa mwaka. Kwa moshi wake kilidhuru mapafu ya wale wale kilichowalisha. Mwaka 1978, katika orodha ya kwanza kabisa ya urithi wa dunia iliyotolewa na UNESCO, mji wa kale wa Kraków ulikuwamo, nao wakati huo huo mawe ya makanisa yake yalikuwa yanaliwa na tindikali iliyoshuka na mvua. Na ndiyo maana mwaka 1980 mji huo ukazaa chama cha kulinda mazingira, Polski Klub Ekologiczny, kilichokuwa miongoni mwa vyama vya kwanza vya namna hiyo katika nchi zilizotawaliwa na Wakomunisti.

Lakini jambo lililoiandika Nowa Huta katika tarikhi ya Ulaya ni shauri la kanisa. Katika ramani ile nzuri niliyoieleza, yenye shule na zahanati na tamthilia, hapakuwa na mahali pa kusali. Walioichora walikatazwa kupaweka, kwani mtu mpya aliyetarajiwa kuumbwa hapo hakutakiwa awe na dini. Wale waliokuja kukaa, hata hivyo, walikuwa watoto wa wakulima Wakatoliki, na kila Jumapili walitembea kwenda Mogiła au Bieńczyce kwenye makanisa madogo ya vijijini yasiyowatosha, wakasimama nje kwenye theluji. Baada ya mabadiliko ya mwaka 1956 serikali ilitoa idhini ya kujenga, na mwezi wa Machi 1957 watu wakasimamisha msalaba wa mti katika kitongoji cha Teatralne, penye njia zilizopewa majina ya Karl Marx na mshairi Mayakovski. Kisha idhini ikafutwa. Ikasemwa kwamba mahali hapo patajengwa shule.

Tarehe 27 Aprili 1960, asubuhi, walifika wafanyakazi wa kuung'oa msalaba. Waliokuwa majumbani saa hizo walikuwa wanawake, waume zao wakiwa kwenye zamu zao kiwandani, nao wakatoka, wengine na watoto wachanga mikononi, wakawazuia wachimbaji kwa mikono na kwa kelele, wakausimamisha tena msalaba na kuanza kuimba nyimbo za kanisani. Zamu ilipotoka, wanaume wakajiunga nao, na mpaka jioni umati ulikuwa wa maelfu. Askari wakaletwa na magari ya maji na gesi ya machozi, mapigano yakaendelea mpaka usiku, risasi zikafyatuliwa, mamia wakakamatwa, na makumi kati yao wakahukumiwa vifungo. Lakini msalaba haukuondolewa. Shule ilijengwa kando yake, na msalaba ukabaki pale pale ukilindwa na wazee wa kitongoji kwa miaka yote iliyofuata. Wazieni: hawa ndio watu ambao serikali iliwaleta, ikawapa kazi, ikawapa nyumba, ikawafundisha kusoma, na ikaamini kwamba kwa hayo imezinunua dhamiri zao. Ilisahau kuwa mtu aliyepewa nyumba hupata jirani, na akishapata majirani hupata ujasiri ambao hakuwa nao alipokuwa peke yake katika kibanda cha mbao.

Askofu msaidizi wa Kraków wakati huo alikuwa kijana bado, jina lake Karol Wojtyła, ambaye wakati wa vita mwenyewe alikuwa mfanyakazi wa machimbo ya mawe na wa kiwanda cha soda. Katika usiku wa Krismasi wa mwaka 1959 alisalisha misa ya usiku wa manane chini ya mbingu tupu huko Bieńczyce, katika baridi ya Poland ambayo sisi wa nchi za joto ni taabu kuiwazia, na akaendelea kufanya hivyo mwaka baada ya mwaka, huku akiwaandikia wakubwa wa serikali barua bila ya kuchoka. Hatimaye idhini ilipatikana kwa ajili ya Bieńczyce, na mwezi wa Oktoba 1967 Wojtyła, ambaye mwaka huo alifanywa kadinali, akatia sepetu ya kwanza ardhini. Papa Paulo wa Sita akatoa jiwe la msingi lililotoka katika kanisa la Mtakatifu Petro la Roma. Msanifu Wojciech Pietrzyk aliuchora mjengo wenye umbo la jahazi, ndiyo maana ukaitwa Arka Pana, Safina ya Bwana, na kwa kuwa serikali haikutoa vifaa, watu walijenga wenyewe kwa muda wa miaka kumi. Waliokota mawe ya mviringo katika mito ya nchi nzima na kuyaleta, na kuta za nje zimefunikwa na mawe hayo kiasi cha milioni 2. Ndani yake imo sanamu ya Bibi Mariamu iliyosubiwa kwa vipande vya chuma vilivyotolewa miilini mwa askari Wapoland waliojeruhiwa huko Monte Cassino mwaka 1944. Kanisa likawekwa wakfu tarehe 15 Mei 1977, mvua ikinyesha. Mwaka mmoja na nusu baadaye yule kadinali akawa Papa Yohane Paulo wa Pili, na alipoizuru nchi yake mwezi wa Juni 1979, serikali haikumruhusu kwenda kwenye kanisa hilo; akafika Mogiła, kwa watawa wa tangu mwaka 1222, na watu wa Nowa Huta wakamfuata huko.

Mtu aliyeyajua hayo hakustaajabu mwaka 1980, chama huru cha wafanyakazi cha Solidarność kilipozaliwa bandarini Gdańsk, kuona ya kwamba kiwanda kilichoitwa kwa jina la Lenin kimekuwa mojawapo ya ngome zake kubwa kupita zote, na wafanyakazi wake wengi mno wamejiandikisha. Sheria ya kijeshi ilipotangazwa tarehe 13 Desemba 1981, waligoma. Baada ya siku chache vifaru vikavunja lango usiku. Kutoka hapo Nowa Huta ikawa mahali pa maandamano ya mara kwa mara, aghalabu baada ya misa katika Arka Pana, na tarehe 13 Oktoba 1982 afisa wa usalama wa serikali asiyevaa sare alimpiga risasi Bogdan Włosik, mfanyakazi wa kiwanda hicho mwenye umri wa miaka ishirini, akafa. Katika kitongoji cha Mistrzejowice padri Kazimierz Jancarz aliwasalisha watu kila Alhamisi kwa ajili ya nchi yao, na kanisa lake likawa pia madrasa ya watu wazima, ambamo wafanyakazi walisikiliza mihadhara ya tarikhi na ya sheria ambayo isingetolewa mahali pengine. Mgomo wa mwisho mkubwa ulianza tarehe 26 Aprili 1988, ukavunjwa kwa nguvu usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei; lakini mwaka uliofuata serikali yenyewe ilikaa meza moja na wapinzani wake, na utawala ule ukafika mwisho.

Sanamu kubwa ya Lenin iliyochongwa na Marian Konieczny na kusimamishwa mwaka 1973 katika Aleja Róż, yaani Njia ya Mawaridi, iliwahi kutegewa baruti mwaka 1979, ikaumia kisigino tu. Desemba 1989 ikaondolewa kwa winchi mbele ya umati, kisha ikauzwa Uswidi. Njia ya Lenin ikaitwa Njia ya Solidarność, na njia ya Mpango wa Miaka Sita ikapewa jina la Yohane Paulo wa Pili. Kiwanda kilipewa jina la mhandisi Tadeusz Sendzimir, baadaye kikaingia katika mali ya kampuni ya Mittal, idadi ya wafanyakazi ikapungua mara nyingi, na tanuri kubwa la mwisho likazimwa mwaka 2019. Mwaka uliofuata kampuni ikatangaza kwamba halitawashwa tena. Baadhi ya mitambo ingali ikifanya kazi, lakini feleji haiyeyushwi tena mahali pale.

Kwa upande mwingine, ramani ya Ptaszycki imepata heshima yake. Mwaka 2004 ilitiwa katika daftari la majengo ya kuhifadhiwa, na mwaka 2023 ikatangazwa kuwa Kumbukumbu ya Tarikhi, daraja ya juu ambayo Poland huyapa majengo na miji yake, daraja ile ile waliyonayo wafalme katika ngome yao ya Wawel. Nimewasikia watu wakilaumu kwamba kuuheshimu mtaa huo ni kuwaheshimu walioamuru ujengwe. Siafikiani nao hata kidogo. Nyumba nzuri iliyochorwa kwa insafu ili mtoto wa mfanyakazi apate hewa na kivuli haipotezi uzuri wake kwa sababu waziri aliyetia saini alikuwa dhalimu, na wakazi waliostahimili yote hayo wamestahiki kwamba makazi yao yalindwe na sheria kama zilindwavyo kasri za mabwana.

Ila sheria hiyo inalinda kuta na miti, na walioijua Nowa Huta ya mwanzo wamebaki wachache. Aliyefika huko na umri wa miaka ishirini katika mwaka 1949 sasa amekwisha pita tisini. Kwa hiyo nawasihi wale miongoni mwenu watakaosafiri kwenda Kraków, wasitosheke na ngome na makanisa ya kale, wapande tramu mpaka Plac Centralny, waingie katika jumba la makumbusho lililo katika ukumbi wa zamani wa sinema wa Światowid, kisha watembee kwa miguu mpaka Teatralne, ambako baada ya mwaka 1989 kanisa lilijengwa hatimaye palipo na ule msalaba. Na atakayerudi akataka kuwasimulia wengine aliyoyaona, na aanze na wakulima wa Mogiła, awataje waashi, na awataje wanawake wa Aprili 1960 kabla ya kumtaja waziri ye yote.